Kontakta ya taa: mzigo umepungua, mbona inaungua?

Tangu taa za LED zishuke bei, majengo mengi ya Mombasa yameng'oa zile taa kubwa za manjano za sodiamu na kuweka mpya. Hesabu yake inavutia. Taa ya wati 250 inatoka, ya wati 100 inaingia, bili inapungua. Kisha, miezi kadhaa baadaye, linazuka jambo linalowashangaza wenye majengo. Taa za nje zinawaka jua likiwa la utosi, na hata swichi ikizimwa haziendi popote. Fundi wa stima anaitwa, anafungua kisanduku, anagonga kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha taa zote kwa pamoja, kwa kipini cha bisibisi, na taa zinazima pale pale. Anasema kontakta imekwisha, inunuliwe nyingine. Mwenye jengo anauliza: iliyobeba mzigo mkubwa miaka yote ile, vipi ishindwe na mzigo ulio chini ya nusu?

Swali hilo lina mantiki, na jibu lake si kwamba kontakta za siku hizi ni feki, ingawa feki zipo. Tatizo ni kwamba tumezoea kununua kontakta kwa kutazama ampea peke yake. Kwa kazi ya taa, ampea ni swali la tatu. La kwanza ni hili: stima ikipotea na kurudi, unataka taa zifanye nini? La pili: taa zenyewe huvuta kiasi gani pale zinapowashwa tu, kabla hata jicho halijaona mwanga? Ukiyajibu hayo mawili, kuchagua kontakta hakukusumbui tena. Ukiyaruka, unaweza kununua ya bei ya juu kabisa dukani na bado ikakuangusha.

Kontakta ni nini hasa

Kontakta ni swichi inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole. Ndani yake mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Koili ikipata stima inageuka sumaku, inavuta kipande cha chuma, na chuma hicho kinasukuma pointi zikutane. Pointi ni vile vipande vidogo vyenye madini ya fedha: vikigusana stima inapita, vikiachana inakatika. Koili ikikosa stima, springi inazitenganisha pointi na taa zinazima.

Faida yake ni kwamba amri na mzigo vinapita njia mbili tofauti. Swichi ya ukutani iliyotengenezewa taa mbili tatu za sebuleni haiwezi kubeba taa 30 za bustani ya hoteli ya Bamburi. Lakini inaweza kabisa kulisha koili, kwa sababu koili hula kidogo sana. Waya mwembamba unatoka chumba cha bawabu getini hadi kwenye kisanduku, na waya mnene wa mzigo unabaki karibu na taa. Ndivyo pia taima ndogo au fotoseli, kile kijicho kinachopima mwanga wa jua, inavyoweza kuamuru taa za yadi nzima.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, maana huchanganywa sana: kontakta hailindi. Waya ukipata moto au taa ikipiga shoti, kontakta haina habari. Kazi ya kukata hatari ni ya breka iliyotangulia mbele yake. Nimeona visanduku ambamo breka imeondolewa kwa hoja kwamba "kontakta ipo". Hiyo ni hatari ya moto, na mwenye jengo akiiona asikubali kulala nayo hata usiku mmoja.

Ya kushikwa na ya komeo

Fikiria mlango wenye springi inayoufunga wenyewe. Unaweza kuuacha wazi kwa njia mbili. Moja, mtu asimame aushike. Akichoka au akiitwa, mlango unajifunga. Mbili, uusukume mara moja kisha ulaze komeo. Hapo unakaa wazi bila mtu, mpaka aje wa kulifungua komeo. Kontakta za taa zimegawanyika hivyo hivyo. Aina ya kwanza hushikwa na koili muda wote taa zinapowaka. Ya pili hupata msukumo mmoja mfupi wa stima, inafunga, na komeo la chuma ndani yake linaizuia isirudi. Kuizima kunahitaji msukumo mwingine, mara nyingi kupitia koili ya pili.

Taa zikiwa zinawaka kama kawaida huwezi kuona tofauti. Tofauti inajitokeza stima inapopotea.

Wengi tunakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima. Koili zote za kontakta za kushikwa ziliachia papo hapo, kila mahali. Zile za komeo hazikusogea: pointi zilibaki zimefungwa gizani, zikingoja stima irudi. Jenereta ya jengo inapowaka, au laini inaporudi, taa zilizo nyuma ya komeo zinawaka mara moja bila kusubiri amri ya mtu wala ya mtambo. Zile za kushikwa zinategemea aliyekuwa akiziamuru. Kama ni fotoseli au swichi iliyoachwa imewashwa, zinarudi zenyewe. Kama ni kitufe cha kubonyeza, hazirudi.

Hapo kwenye kitufe ndipo makosa mengi ya hapa kwetu yanapoanzia. Mafundi wengi wamejifunza kontakta kupitia pampu za maji, na kwa pampu ipo njia ya kufunga waya ambapo kitufe cha kijani kinawasha, chekundu kinazima, na kontakta inajishikilia kupitia pointi yake ndogo ya pembeni. Stima ikikatika, inaachia, na ikirudi haiwaki mpaka kitufe kibonyezwe tena. Kwa mashine hiyo ni busara kubwa: hutaki msumeno au pampu ijiwashe yenyewe huku mkono wa mtu umo ndani. Ukiihamishia kwenye ngazi za ghorofa, stima inarudi baada ya nusu dakika na ngazi zinabaki giza, mzee anashuka kwa kupapasa ukuta, na bawabu hajui kwamba kuna kitufe cha kubonyeza. Hata stima ikipepesa tu, kufumba na kufumbua, matokeo ni hayo hayo.

Basi wengine wakishaelezwa haya husema, kumbe tuweke komeo kila mahali. Hapana. Komeo lina udhaifu wake, na katika mji ambao stima hukatika mara kwa mara udhaifu huo ni mkubwa. Msukumo wake ni wa mara moja. Tuseme taima imepangwa kuzima taa za nje saa kumi na mbili asubuhi, na saa hiyo hiyo hakuna stima. Amri ya kuzima imetolewa na hakuna wa kuipokea. Stima inaporudi saa mbili, komeo liko vile vile, na taa zinawaka mchana mzima mpaka taima itoe msukumo mwingine au mtu azime kwa mkono. Kontakta ya kushikwa haina tatizo hilo kwa sababu haikumbuki chochote. Stima ikirudi inatazama fotoseli inasema nini sasa hivi, basi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Taa za nje zinazofuata jua, yaani bustani, uzio, maegesho, ubao wa tangazo, zipewe kontakta ya kushikwa, iamriwe na swichi ya kuganda, yaani inayobaki pale ulipoiweka, fotoseli au taima, si kitufe. Komeo liachiwe mahali ambapo giza lenyewe ni hatari na amri hutolewa na watu: ukumbi mkubwa wa mikutano, korido za hospitali, godauni la Shimanzi ambamo foklifti zinazunguka usiku. Humo kuna sababu nyingine pia. Jengo lenye fezi tatu, yaani linaloletewa stima kwa waya tatu za moto, huweza kupoteza fezi moja tu, jambo la kawaida kwetu. Ikiwa fezi iliyopotea ndiyo inayolisha koili, kontakta ya kushikwa inaachia na taa za fezi zote tatu zinazima, ingawa mbili bado zina stima. Ya komeo haijali. Inazima theluthi tu.

Wala isidhaniwe kwamba komeo ni badala ya taa za dharura zenye betri. Ikiwa hakuna stima kabisa, komeo halina cha kupitisha.

Kuna madai ya wauzaji yanayohitaji kupimwa. Husemwa kwamba ya komeo "inaokoa stima" kwa kuwa koili yake haili kitu taa zikiwaka. Ni kweli haili. Lakini koili ya kontakta ndogo ya kushikwa, ikishavuta, hula wati 2 au 3 hivi. Chukua 3, kwa saa 12 kila usiku, mwaka mzima: ni yuniti 13. Hesabu hizo kwa bei ya tokeni zako, kisha ulinganishe na tofauti ya bei dukani, maana ya komeo huwa ghali zaidi, tena si kidogo. Kwa jengo lenye kontakta moja au mbili, akiba hiyo haitalipa tofauti kwa haraka. Nunua komeo kwa sababu ya tabia yake stima inapopotea, au kwa sababu ya ukimya wake.

Anayeifunga lazima ajue jambo hili pia: koili za komeo nyingi hazikutengenezwa kukaa na stima. Zinavumilia msukumo wa kitambo tu. Ukiziunganisha kwenye fotoseli ya kawaida, ambayo hutoa stima usiku kucha, koili inaungua, isipokuwa kontakta iwe na pointi ya kujikatia au kifaa cha kugeuza amri ya kuganda kuwa msukumo. Na fundi anayekwenda kurekebisha taa asitegemee kwamba kukata njia ya amri kumezima mzigo. Komeo halijali njia ya amri. Azime breka, apime kwa kipimo, ndipo aguse.

Ile nukta ya kwanza

Turudi kwa kitendawili cha mwanzo. Taa ya LED ya wati 100 kwenye volti 240 huvuta chini ya nusu ampea. Thelathini kwa pamoja ni ampea 12 na nusu hivi. Kontakta imeandikwa 25. Nafasi imebaki nusu nzima, sivyo?

Sivyo, kwa sababu hesabu hiyo ni ya taa iliyokwisha kuwaka. Ndani ya kila taa ya LED ya aina hii kuna draiva, kikasha kinachogeuza umeme wa laini uwe wa kufaa LED. Mlangoni mwa draiva kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda, iliyo tupu. Pointi zikigusana tu, kapasita inakunywa umeme kwa pupa ili ijae, na kwa muda mfupi sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, draiva moja inaweza kuvuta makumi ya ampea. Tuchukulie 40. Mara thelathini, ni 1,200 kwenye karatasi. Nyaya ndefu hupunguza, hivyo hazifiki zote, lakini hata robo yake ni 300, na zinapita pale pale pointi zinapokuwa zinadundadunda, hazijatulia kushikana. Cheche inayeyusha uso wa fedha, uso unapoa, pointi zimegandana. Koili ikiachia, springi haina nguvu ya kuzibandua. Taa zinawaka mchana. Bisibisi ya fundi inazibandua kwa mtikiso, na kesho jioni zinagandana tena.

Taa ya zamani ya sodiamu haikuwa mpole, ila ukorofi wake ulikuwa wa namna nyingine. Huchukua dakika kadhaa kupata mwanga kamili, na katika dakika hizo huvuta zaidi ya kiwango chake, pengine mara moja na nusu. Ni mzigo wa kusukuma polepole. Balbu za waya nazo zilikuwa na pigo lao: waya baridi huvuta mara kumi hadi kumi na tano ya kawaida, kisha hutulia. LED imepunguza mzigo wa kudumu na kuongeza pigo la mwanzo. Ndiyo maana bili imeshuka na kontakta imekufa, vyote kwa sababu ya taa zile zile.

Sasa tazama maandishi ubavuni mwa kontakta, kwa sababu majibu mengi yamo humo. Shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, limegawa mizigo katika makundi, na kontakta moja hupewa namba tofauti kwa kila kundi. AC-1 ni mizigo mipole kama hita. AC-3 ni mota. AC-5a ni taa za kutoa mwanga kupitia gesi, kama sodiamu na mirija ya floresenti. AC-5b ni balbu za waya. Kontakta ndogo za majumbani zina makundi yao, AC-7a kwa mizigo mipole na AC-7b kwa mota. Ile 25 iliyoandikwa kwa herufi kubwa karibu kila mara ni ya AC-1 au AC-7a, yaani ya hita. Kontakta ndogo ya nyumbani ya 25 mara nyingi ina 8.5 tu kwa mota. Kifaa ni kile kile. Kilichobadilika ni kazi. Muuzaji akikuambia "hii ni ya 25", muulize ni 25 ya nini.

Kwa LED, namba ya ampea haitoshi hata ukiwa umepata kundi sahihi. Watengenezaji makini hutoa jedwali linaloonyesha ni draiva ngapi za ukubwa fulani zinazoruhusiwa kwa kila njia ya kontakta, yaani kila seti ya pointi. Jedwali hilo ndilo la kufuata. Lisipopatikana, njia salama ni kugawa taa katika makundi madogo, kila kundi na kontakta yake, na kuyawasha kwa kupishana sekunde chache kwa relei ya kuchelewesha. Zipo pia kontakta zilizotengenezwa kwa mizigo yenye kapasita: baadhi zina pointi za kutangulia zenye madini ya wolfram, ambayo hayayeyuki upesi, zinazopokea pigo kwanza kabla pointi za fedha hazijafunga. Nyingine husubiri kufunga pale volti ya laini inapopita kwenye sifuri, na pigo linakuwa dogo. Kuna na vidhibiti vya pigo vinavyofungwa kati ya kontakta na taa. Vyote hivi vina bei. Kugawa makundi hakuna gharama kubwa, tena kundi moja likiharibika yadi haiwi giza nzima.

Kuwasha kwa kupishana kunasaidia upande mwingine pia. Stima inaporudi baada ya kukatika, viyoyozi, friji na pampu vyote vinaamka kwa pamoja. Jenereta ikitupiwa na taa zote sekunde hiyo hiyo inaweza kusita.

Mbinu mbili za mtaani ziachwe. Ya kwanza ni kuunganisha njia mbili za kontakta ziwe moja ili "ampea ziongezeke". Pointi mbili hazifungi kwa wakati mmoja kamwe. Moja hutangulia kidogo, na hiyo moja ndiyo inayopokea pigo lote. Ya pili ni kupiga pointi msasa. Weusi ule juu ya fedha si uchafu wa kuogopwa, stima hupita vizuri. Msasa unaondoa madini yenyewe na kuacha uso wenye mikwaruzo unaogandana upesi zaidi. Pointi zikiisha zibadilishwe, au kontakta nzima.

Volti ya koili

Hili ni dogo lakini linaunguza kontakta nyingi. Koili ina volti yake, iliyoandikwa kando kabisa na volti ya mzigo. Kwa kawaida koili huvumilia kuanzia asilimia 85 hadi 110 ya namba hiyo. Laini yetu ya Kenya ni ya volti 240, na 415 kati ya fezi na fezi. Koili ya 220 mwisho wake ni 242. Maana yake iko ukingoni kila siku, na usiku wa manane, watu wakilala na volti ikipanda, inavuka. Koili ya 380 mwisho wake ni 418, na laini ni 415. Zinafanya kazi, ndiyo, huku zikipikika. Tafuta ya 230 au 240, na ya 400 au 415.

Upande wa chini ni mbaya zaidi. Jioni, kila nyumba ikiwa imewasha, volti ikishuka mno koili inavuta nusu: inashika na kuachia, inatetemeka, pointi zinacheza cheche mfululizo, na koili yenyewe inavuta mkondo mkubwa kwa kuwa chuma hakijafunga vizuri. Kama mtaa wako una tatizo hilo, zipo kontakta zenye koili ya kielektroniki zinazokubali kutoka volti 100 hadi 250 bila kubabaika. Hazivumi pia. Kwa jengo la kawaida lenye stima isiyotulia, ningezichagua hizo kabla ya kufikiria komeo.

Chumvi, joto na mijusi

Kuvuma kwa kontakta ni malalamiko ya kila siku, na hapa pwani yana chanzo cha peke yake. Umeme wetu hubadilisha mwelekeo, na nguvu ya sumaku hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde. Chuma kisitetemeke, watengenezaji huweka pete ndogo ya shaba usoni mwa sumaku inayobakiza nguvu kidogo katika nukta hizo. Inafanya kazi mradi nyuso mbili za chuma zikutane sawasawa. Upepo wa bahari ukiingiza chumvi na unyevu ndani ya kisanduku, kutu inaota kati ya nyuso hizo, na mvumo unaanza. Kuanzia hapo koili inapata joto zaidi, na haichukui muda kuungua. Kontakta inayovuma Nyali haina lazima kuwa mbovu tangu dukani. Pengine kisanduku chake ndicho kibovu.

Kwa hiyo kisanduku cha nje kiwe cha plastiki imara au chuma kisichoshika kutu, chenye kiwango cha IP65, yaani kisichoingiza vumbi wala maji ya kurushwa, waya ziingie kutoka chini, na kila tundu lizibwe. Tundu lililoachwa wazi ni mlango wa sisimizi na mijusi, na wote wawili wanapenda joto la koili. Mjusi mmoja akibanwa kati ya chuma na sumaku anatosha kuzuia kontakta isifunge.

Joto nalo lihesabiwe. Kontakta nyingi hupewa namba zao kwa mazingira ya nyuzi 40. Kisanduku cheusi kwenye ukuta unaopigwa na jua la Februari huzidi hapo kwa urahisi. Kiwekwe kivulini, na zile kontakta ndogo za kupachikwa kwenye reli zisibanane. Ziachiwe nafasi kati yake, kwa sababu kila koili ni jiko dogo linalowaka saa 12 mfululizo.

Nyutro

Kwa taa za fezi tatu, nyutro, yaani waya wa kurudishia stima, isikatwe peke yake wala kabla ya fezi. Nyutro ikiachia huku fezi zimeshika, volti kati ya taa hucheza na baadhi zinaweza kupata karibu na 415. LED zinakufa kwa mkupuo. Tumia kontakta ya njia nne iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au ya njia tatu na nyutro ipite moja kwa moja.

Nani atoe amri

Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua la Mombasa huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, mwaka mzima. Huko Ulaya saa hubadilika mno kati ya kiangazi na baridi, na fotoseli inahitajika kweli. Hapa taima yenye betri ya akiba, ikipangwa kuwasha saa kumi na mbili na robo jioni, inatosha bila kuguswa. Betri ni ya lazima: taima isiyo nayo husimama stima ikikatika, na kila saa moja ya giza ni saa moja ya kuchelewa siku inayofuata. Fotoseli ina faida siku za mawingu mazito ya masika, lakini jicho lake hupakwa chumvi na vumbi, likaanza kuona usiku saa kumi jioni. Ifutwe mara kwa mara. Na ijulikane kwamba fotoseli nyingi zimeundwa makusudi ili zikiharibika ziache taa zikiwaka. Kwa hiyo taa za mchana si lazima ziwe za pointi zilizogandana. Kabla ya kununua chochote, fundi akate stima ya koili tu: taa zikizima, mkosaji ni fotoseli au taima, zisipozima na kontakta si ya komeo, pointi zimeshikana.

Kwa ngazi za ghorofa ndogo, Tudor au Kizingo, wala usifikirie kontakta kubwa. Relei ya mpigo, ambayo kitufe kimoja huwasha na kubonyeza tena huzima, inaweza kuendeshwa na vitufe vya kila sakafu kwa waya mwembamba. Au taima ya ngazi inayozima yenyewe baada ya dakika chache. Zote zina pointi ndogo, kwa hiyo jedwali la LED lisomwe vile vile.

Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati, na ukimpa kazi mwambie mambo manne kwa maandishi: aina na idadi ya taa, volti ya laini uliyoipima jioni na usiku wa manane, nani atoe amri, na taa zifanye nini stima ikirudi. Akimaliza, abandike ndani ya mlango wa kisanduku mchoro wa njia ya amri na aina ya kontakta, na kama ni ya komeo aandike hivyo kwa wino usiofutika, ili atakayekuja baada yake asiguse waya akidhani umezimwa.